Nzima asubuhi, mgonjwa mchana: kisa cha kumbukumbu ya kompyuta katika saiba moja ya Kisumu

Usuli

Saiba ninayoizungumzia iko Kisumu, kwenye barabara yenye steji ya matatu, ambapo makanga huanza kuita abiria kabla jua halijatoka. Jina la mahali, la mwenyewe na la programu iliyoleta taabu nimeyaondoa. Vipimo nimeviacha jinsi nilivyoviandika daftarini. Mimi ndiye fundi niliyeitwa, na sikufika na dawa mkononi.

Mashine za wateja ni sita, na ya saba iko kaunta. Zote ni za mezani, zilizofanya kazi ofisini Uingereza kabla ya kuuzwa huku, zile wauzaji wanazoziita "ex-UK". Kila moja ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 aina ya DDR3, diski ngumu ya GB 500 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na Windows 10. Kazi zao ni zile za saiba yoyote: kujaza fomu za eCitizen (huduma za serikali) na HELB (mikopo ya wanafunzi), kuchapa wasifu wa mtu anayetafuta kazi, kunakili vitambulisho, kupiga chapa kadi za harusi na za matanga. Juu ya hayo, kila mashine ina programu ya kuhesabu dakika. Mteja akikaa, kaunta inamfungulia. Muda wake ukiisha, skrini inajifunga.

Mwenyewe nitamwita Mama Saiba, kwa kuwa hata wateja humwita hivyo. Kabla ya biashara hii aliuza omena Kibuye kwa miaka mingi, na mpaka leo ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa huko. Kumbuka hilo la chama, tutalihitaji. Mhudumu wake ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwerevu, mwepesi wa kujaribu kitu kabla ya kuuliza.

Wiki yenyewe ilikuwa ya mwisho ya Juni. Tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, na wiki hiyo nusu ya mji hukumbuka kwamba ina PIN, namba ya mlipa kodi. Foleni ya saiba hutoka nje hadi kwa mwenye mahindi choma.

Dalili

Saa mbili asubuhi mashine zilikuwa nyepesi. Kufikia saa tano, mteja alibofya mahali akangoja huku akigongagonga meza. Saa nane mchana hata kielekezi cha kipanya kilikuwa kinarukaruka. Ile taa ndogo ya diski mbele ya mashine iliwaka bila kuzimika, na ukisogeza sikio ulisikia diski ikikwaruza kama kuku anayechakura. Kuizima mashine na kuiwasha upya kulileta nafuu kwa saa moja au mbili.

Wateja walilaumu intaneti, au mtandao wa serikali. Mhudumu aliwajibu kwa werevu: alifungua ukurasa uleule kwenye simu yake, kwa Wi-Fi ileile, na ukaja mara moja. Kwa hiyo hata kabla sijafika ilishajulikana kwamba ugonjwa uko ndani ya mashine. Kipimo hicho cha simu ndicho kilikuwa bora kuliko vyote vilivyofanywa wiki ile, vyangu vikiwemo, hadi Jumamosi.

Siku tatu kabla sijaitwa

Jumatatu Mama Saiba alitoa uamuzi wa kwanza: memori imejaa, futeni vitu. Neno lenyewe ndilo lilimpoteza, na si yeye peke yake. Mwenye simu akikosa nafasi ya kuhifadhi picha husema memori imejaa, na kadi ndogo anayoinunua barabarani inaitwa hivyohivyo. Basi kijana akapita mashine moja baada ya nyingine akifuta folda za wateja: vyeti vilivyopigwa skani, wasifu, picha za pasipoti. Alipata nafasi ya zaidi ya GB 180 kwenye diski. Mwendo wa mashine haukubadilika hata chembe.

Nafasi ya diski ni ghala. RAM ni meza ya kazi. Ghala tupu haliongezi upana wa meza. Lakini mama mmoja aliyekuwa ameacha wasifu wa binti yake kwenye mashine ya pili alikuja Jumatano akakuta haupo, na maneno aliyoyatoa pale kaunta nimesimuliwa na watu watatu tofauti. (Nitasema pembeni: vitambulisho vya watu havikupaswa kulala kwenye mashine za umma kwa miezi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haichekei mambo hayo. Kufutwa kulihitajika. Kulifanywa tu kwa sababu isiyohusika, na bila kumwarifu mtu.)

Jumanne kijana alipakua programu ya "kusafisha RAM". Ukiibonyeza, mshale unazunguka, na asilimia ya kumbukumbu inayotumika inashuka kutoka 88 hadi 45 mbele ya macho yako. Aliniambia baadaye, "Fundi, niliona namba ikishuka, nikajua nimepata." Namba ilishuka kweli. Programu za aina hii huiambia Windows izivue programu nyingine kurasa zao za kumbukumbu kwa nguvu. Kurasa zilizobadilishwa huenda kuandikwa diskini, na nafasi yake ikishapewa mwingine, mteja akirudi kwenye fomu yake lazima zisomwe upya kutoka diskini. Ni kama mtu anayesafisha meza ya fundi cherehani kwa kubeba vitambaa vyote na kuvirundika stoo wakati fundi bado anashona.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya madhara. Kijana alisoma mahali kwamba faili ya kurasa, ile Windows inayoiweka diskini kama nyongeza ya RAM, ndiyo inayoichosha diski. Akaizima kwenye mashine zote sita. Na kwa saa tatu za kwanza alikuwa shujaa: taa ya diski ilitulia na mashine zikaenda chapuchapu. Saa tano hivi, kivinjari cha mashine ya tatu kikajifunga chenyewe. Kisha cha mashine ya kwanza. Mzee aliyekuwa ukurasa wa mwisho wa ritani zake, baada ya dakika arobaini za kutafuta namba kwenye karatasi, alipoteza kila kitu. Mashine iliacha kwenda polepole, ikaanza kuanguka.

Jioni hiyo simu yangu ililia. "Fundi, kuja kesho mapema. Nyathina ameharibu mashine zangu akifikiri anasaidia." Nyathina ni "mtoto wangu" kwa Kijaluo, na alivyolitamka nilijua kijana hatafukuzwa.

Kosa langu la Alhamisi

Nilifika, nikaangalia mashine mbili, nikaona RAM GB 4 na vivinjari vyenye vichupo (tab) kumi na tano juu, nikasema lile ambalo mafundi wengi tungesema: GB 4 haitoshi siku hizi, ongeza. Mama Saiba akatoa karibu shilingi elfu saba kwa vipande sita vya GB 4. Nikaagiza Nairobi, kwa muuzaji wa Luthuli Avenue ninayemjua, vikapanda basi la usiku, na Ijumaa asubuhi nilikuwa naviokota ofisi ya vifurushi.

Nilichomeka kipande kwenye mashine ya kwanza. Windows ikaandika: GB 8 zimewekwa, zinazotumika GB 3.24.

Nilikaa chini. Windows hiyo ilikuwa ya biti 32. Aliyeziandaa mashine hizi zamani alitumia diski ya kuwekea Windows aliyokuwa nayo, ya kompyuta kuukuu, na zikafanya kazi, basi. Mfumo wa biti 32 huandika anwani ya kila baiti kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, na anwani zinazoweza kuandikwa hivyo ni 4,294,967,296, yaani GB 4 kamili. Sehemu ya anwani hizo hutengewa vifaa kama kadi ya picha, ndiyo maana hata hizo 4 hazikamiliki. Unaweza kuchomeka GB 8 au 16, Windows ya biti 32 ya matumizi ya kawaida haitazigusa.

Kinachoniuma ni kwamba ile 3.24 ilikuwa imeandikwa palepale Alhamisi, kabla sijaagiza kitu. GB 4 zimewekwa, 3.24 zinatumika. Niliisoma nikaipita. Kipande cha RAM huangaliwa baada ya kujua biti za mfumo, na kila fundi anajua, na mimi nilijua.

Kubadili kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna njia ya mkato: ni kufuta na kuweka Windows upya, na programu zote, na programu za kuendesha printa. Kufanya hivyo kwenye mashine sita siku mbili kabla ya tarehe 30 ni kufunga duka. Nikamwambia mama ukweli. Alinitazama kwa muda, akasema, "Kwa hivyo nimenunua meza ambayo haipiti mlangoni." Sikuwa na jibu.

Daftari la Jumamosi

Kwanza nilirudisha faili ya kurasa kwenye mashine zote na kuiondoa ile programu ya kusafisha. Kisha nikafanya kilichopaswa kufanywa Jumatatu: kupima kwa saa, badala ya kutazama mara moja na kutoa hukumu.

Niliweka bango "haifanyi kazi" kwenye mashine ya tano na kuiacha imewashwa bila mteja. Kila baada ya saa moja nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinavyotumia mashine, kwa Ctrl, Shift na Esc, upande wa utendaji, na kuandika namba mbili: kumbukumbu inayotumika, na ile iliyoandikwa "Committed", ambayo hapa nitaiita ahadi. Ahadi za mashine ya tano, ambayo hakuna mtu aliyeigusa, zilikuwa hivi: saa mbili asubuhi GB 1.3, saa tatu 1.5, saa nne 1.6, saa tano 1.8, saa sita 1.9, saa saba 2.1.

Hakuna mteja, hakuna kichupo hata kimoja, na kila saa kitu fulani kilikuwa kinachukua karibu MB 150 bila kurudisha.

Nilipotazama orodha ya programu kwenye mashine hiyo, ya kwanza kabisa ilikuwa ile ya kuhesabu dakika, imekalia zaidi ya MB 800. Nikakimbilia mashine ya pili, iliyokuwa na mteja, kutazama programu hiyohiyo. Ilionyesha MB 60. Juu yake kivinjari kilikuwa na zaidi ya GB 1. Kijana akasema, "Unaona? Ni kivinjari." Na ukisoma skrini ile, alikuwa sahihi.

Kwa nini mwizi hakuonekana

Hapa ndipo penye somo la kisa hiki, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kompyuta hugawa kumbukumbu kwa kurasa, kila moja baiti 4,096. Programu inapoomba nafasi, Windows huiahidi. Ukurasa ulioahidiwa unaweza kuwa kwenye RAM, au ukawa umepelekwa diskini kwenye faili ya kurasa, na programu yenyewe haijui tofauti. Akili hii ni ya zamani: kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, tayari ilikuwa inahamisha kurasa kati ya kumbukumbu yake ya haraka na ngoma ya sumaku (kifaa cha kuhifadhia data cha enzi hizo) bila mwandishi wa programu kujishughulisha.

Mama Saiba aliuliza ahadi ni nini hasa, nikamwuliza naye: kwenye chama chenu, mkitoa mikopo, mnaruhusu jumla ifike wapi? Akajibu bila kufikiri, "Zilizo kwa sanduku, na zilizo benki. Zaidi ya hapo ni uongo." Ndivyo Windows inavyofanya. Sanduku ni RAM, benki ni faili ya kurasa, na jumla ya ahadi haiwezi kuzipita hizo mbili zikijumlishwa. (Linux kwa kawaida huahidi zaidi ya ilicho nacho, ikitumaini wanachama hawatakuja wote siku moja, na wakija wote humtoa mmoja nje kwa nguvu. Mama alisema chama cha namna hiyo anakijua pia.)

Sasa, safu ya kumbukumbu anayoiona kila mtu kwenye orodha ya kawaida ya Task Manager huonyesha kurasa za programu zilizoko kwenye RAM wakati huo, yaani kilicho mezani. Haionyeshi alichokopa kwa jumla. Programu ya dakika ilikuwa inakopa kila wakati na haigusi tena ilichokopa. Windows inapobanwa, hutazama nani hajagusa kurasa zake kwa muda mrefu na kuzipeleka diskini. Kwa hiyo kwenye mashine yenye shughuli, mali yote ya mwizi ilikuwa imeshahamishiwa stoo, na mezani alionekana na MB 60, maskini wa Mungu. Kivinjari, ambacho mteja anakigusa kila sekunde, ndicho kilichobaki mezani na unene wake wote. Kwenye mashine ya tano hakukuwa na msukumo, hakuna kilichohamishwa, naye akaonekana alivyo.

Ili kumwona kwenye mashine yenye shughuli, fungua upande wa maelezo, bofya kulia juu ya vichwa vya safu, ongeza safu ya "Commit size". Nilifanya hivyo mashine ya pili. MB 60 zikageuka MB 870. Kijana akanyamaza, akaenda kuniletea chai.

Na kwa nini mashine ilikuwa inasota badala ya kupungua mwendo kidogo tu? Kufikia neno moja kwenye RAM ni takriban nanosekunde 100. Diski ya mizunguko 7,200 inahitaji kusogeza kichwa, milisekunde 9 hivi, kisha kungoja nusu mzunguko, milisekunde 4. Tuseme 13. Hiyo ni mara 130,000 zaidi. Kama kunyoosha mkono mezani kungechukua sekunde moja, kwenda stoo na kurudi kungechukua siku moja na nusu. Safari chache kama hizo mteja hazioni. Lakini ahadi za wanaotumia kwa kweli zikizidi upana wa meza, kila ukurasa unaoletwa unamfukuza mwingine ambaye ataitwa dakika hiyohiyo, na mashine inashinda njiani. Mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1968, na wazo lake la seti ya kurasa ambazo programu inazihitaji kwa kipindi fulani bado ndilo mifumo ya leo inalitumia.

Sasa rudi kwenye Jumatano. Kijana alipozima faili ya kurasa, alifunga akaunti ya benki. Sanduku lilibaki na GB 3.24. Diski ilitulia kwa kuwa hakuna kurasa za programu zilizokuwa zinapelekwa huko. Saa tano, mwizi akiwa na karibu nusu GB na vichupo vikiongezeka, jumla ya ahadi iligonga dari, na aliyekuja kuomba wakati huo, yaani kivinjari, akanyimwa. Kivinjari kikinyimwa kumbukumbu huanguka. Mzee wa ritani alipoteza kazi yake kwa deni la mwingine.

Maamuzi na sababu zake

Jumamosi alasiri tulikubaliana mambo matatu. Windows haitaguswa hadi Julai, kwa kuwa foleni ilikuwa nje na kazi ya kuweka upya ni ya siku nzima. Kila saa saba mchana, na tena saa kumi na moja jioni, mhudumu atawasha upya mashine moja moja wakati mteja anapobadilishana na mwingine, ili deni lifutwe kabla halijakua. Na mteja mmoja atafunguliwa vichupo visivyozidi vitano.

Kuiondoa kabisa programu ya dakika nilipendekeza. Mama alikataa, na alikuwa na haki: bila hiyo kaunta haijui nani amekaa muda gani, na wiki ya ritani watu ni wengi kuliko macho ya kijana mmoja.

Jumatatu nilimpigia muuzaji wa programu ya dakika nikamsomea daftari langu. Nilitarajia ubishi. Mtu akisema tu "mashine iko slow" hupewa pole. Ukimsomea ongezeko la MB 150 kwa saa kwenye mashine isiyo na mtu, hana pa kukimbilia. Alikiri kwamba kwenye toleo lile, picha ndogo ya skrini inayotumwa kaunta kila baada ya sekunde chache ilikuwa haiachiliwi baada ya kutumwa, na toleo jipya limerekebisha.

Matokeo

Wiki ya ritani iliisha bila kivinjari kingine kuanguka. Mashine zilikuwa nzito kuanzia saa sita hadi zinapowashwa upya, lakini zilivumilika.

Julai tuliweka toleo jipya la programu ya dakika. Safu yake ya ahadi ilibaki kwenye MB 70 hivi, asubuhi na usiku. Nikaweka Windows ya biti 64 kwenye mashine ya kwanza, ya pili na ya tatu, leseni haikusumbua kwa kuwa toleo la Windows ni lilelile, na hapo ndipo RAM mpya ilipoonekana. Mashine nyingine tatu tuliziacha na GB 4 na biti 32. Kwa fomu na wasifu zinatosha, na wateja hawazikimbii. Vipande vitatu vya RAM vilivyobaki nilivilipia mimi, kisha nikamuuzia mwenye studio ya picha jirani kwa hasara ndogo.

Mashine ya nne iliendelea kusota hata baada ya hayo yote. Ilikuwa na ugonjwa wake: diski yenyewe ilikuwa inakufa, na hesabu ya sekta mbovu, yaani sehemu zake zisizosomeka, ilikuwa inapanda kila wiki. Tuliweka SSD, diski isiyozunguka, ikawa ya kwanza kwa kasi. Ilikuwa imejificha kwenye kundi la wagonjwa wa homa nyingine.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kila hatua ya wiki ile ilisukumwa na namba moja iliyoonekana kubwa. GB zilizotumika kwenye diski, asilimia ya RAM, mwanga wa taa, kisha mimi na GB 4 zangu. Hata asilimia 88 yenyewe haikuwa habari mbaya kwa kuwa tu ni kubwa. RAM isiyo na kitu ndani haimsaidii mtu, na Windows hutumia nafasi iliyobaki kuweka nakala za faili zilizosomwa karibuni, tayari kuziachia mara moja ikiombwa. Kilichokuwa na maana ni mwendo wa ahadi kwa muda wa saa tano. Hicho hakionekani kwa kutazama mara moja, hata ukitazama kwa jicho la fundi.

Kuiacha mashine moja bila mteja kulimgharimu mama mapato ya mashine hiyo kwa nusu siku, katika wiki yake bora ya mwaka. Alinung'unika na nilimwelewa. Lakini vipimo vya mashine zenye wateja vilikuwa vinapanda na kushuka kwa vichupo, na humo ndani mstari wa mwizi haukuonekana. Ningeanza na hilo Alhamisi, shilingi elfu saba zingebaki kwa kibeti.

Lipo jambo moja ambalo bado ninabishana nalo. Kama Windows zile zingekuwa za biti 64 tangu mwanzo, RAM yangu ingefanya kazi Ijumaa ileile. Programu ya dakika ni ya biti 32, haiwezi kujikopea zaidi ya GB 2, na kwa saa kumi na mbili za kazi ingefika 1.8. GB 8 zingeimeza deni lote hadi usiku, mashine zikazimwa, kesho likaanza upya kutoka sifuri. Ningelipwa na kusifiwa, na hakuna aliyewahi kujua kulikuwa na uvujaji. Mafundi wangapi tumesifiwa hivyo?

Kijana sikumwona kuwa mkosaji mkuu. Alijaribu vitu vitatu, na kila kimoja kilibadilisha alichokuwa anakitazama: nafasi ikaongezeka, asilimia ikashuka, taa ikatulia. Hakuna aliyemwambia atazame nini. Lililonisumbua kwake ni kuzima kitu kwenye mashine sita kwa pamoja, siku yenye foleni, bila kujaribu kwenye moja. Hilo tulizungumza mimi na yeye, nje, mama hayupo.

Daftari lilibaki kaunta. Septemba Mama Saiba alinipigia, sauti ya mtu aliyeshika mtu mkono ukiwa mfukoni. "Fundi, mashine ya sita. Asubuhi ahadi ilikuwa moja nukta tatu. Sasa ni mbili nukta nane, na tangu saa nne hakuna mtu amekaa hapo." Nikamwuliza ameangalia safu ile ya nyongeza. "Nimeangalia. Jina liko hapa, nikusomee?"